Mwenyeheri Hanna Chrzanowska: Muuguzi Aliyewatafuta Wagonjwa Waliosahaulika



Tukitajiwa watakatifu, wengi wetu akili inakimbilia kwa wafiadini, mapadre, masista, au watu waliotokewa na Bikira Maria. Leo tumwangalie mtu wa aina nyingine kabisa. Huyu ni mlei. Hakuolewa, hakuingia utawani, hakutokewa na mtu yeyote, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuwaosha wagonjwa majumbani mwao na kuwafundisha wengine kufanya hivyo. Anaitwa Hanna Chrzanowska, muuguzi wa Poland. Jina la ukoo linatisha kidogo ukiliangalia, lakini ukilitamka Hshanofska utakuwa karibu sana. Alifariki mwaka 1973, na mwaka 2018 Kanisa likamtangaza kuwa Mwenyeheri.

Kwa nini tumsome yeye? Kwa sababu alilishika swali moja na hakuliacha mpaka kifo: katika parokia hii, ni mgonjwa gani ambaye hatumwoni? Mtu anaweza kulala kitandani miaka kumi, nyumba chache tu kutoka kanisani, kengele anaisikia kila Jumapili, na hakuna anayejua kama yupo. Hanna alisema kwa vitendo kwamba mtu huyo ni wa parokia. Na akaongeza la pili, ambalo sisi vijana tunalisahau haraka: ukimpata, mhudumie kwa ujuzi. Huruma peke yake haiponyi kidonda.

MTOTO WA PROFESA

Hanna alizaliwa tarehe 7 Oktoba 1902 mjini Warszawa. Wakati ule Poland haikuwepo kwenye ramani kama nchi huru, na Warszawa ilikuwa chini ya utawala wa Urusi. Baba yake, Ignacy Chrzanowski, alikuwa msomi wa historia ya fasihi. Mama yake, Wanda, alitoka ukoo wa Szlenkier, watu wa viwanda, matajiri, lakini waliosifika kwa kutoa. Shangazi mmoja wa ukoo huo, Zofia Szlenkierówna, alitumia mali ya familia kujenga hospitali ya watoto Warszawa, na baadaye akaongoza shule ya wauguzi ya mji huo. Kwa hiyo Hanna alikua akiona kwamba pesa na elimu ni vitu vya kuwatumikia wengine.

Nyumbani baba alikuwa Mkatoliki, mama Mprotestanti. Mwaka 1910 familia ilihamia Kraków, baba alikopata kazi ya kufundisha Chuo Kikuu cha Jagiellonia, chuo kilichoanzishwa mwaka 1364. Hanna alisoma kwa masista Waursulini, akamaliza mwaka 1920. Utotoni afya yake ilikuwa dhaifu, akajua mapema maana ya kulala kitandani na kumsubiri mtu aje.

Mwaka huo huo wa 1920 Poland, iliyokuwa imerudishiwa uhuru wake miaka miwili tu nyuma, ilikuwa vitani na Urusi ya Wabolsheviki. Majeruhi walikuwa wengi. Hanna akachukua kozi fupi ya Msalaba Mwekundu, akaenda kuwasaidia. Baadaye akaanza chuo kikuu kusomea fasihi, kama baba. Lakini moyo haukutulia. Iliposikika kwamba Warszawa inafunguliwa shule mpya ya kisasa ya wauguzi, Hanna akaacha chuo kikuu, akaenda huko. Alihitimu mwaka 1924.

Hebu tulielewe vizuri hili. Zamani zile, kwa binti wa profesa, uuguzi haukuwa kazi ya kujivunia. Wengi waliuona kama kazi ya kutumwa: kumwaga uchafu na kufua mashuka. Hanna alijua hivyo, na bado alichagua hivyo. Si kwamba alishindwa masomo. Baadaye aliandika hata riwaya, zikachapishwa. Alikuwa na kipaji cha kumpeleka kwingine, akakipeleka kwa wagonjwa.

UUGUZI UNAOTOKA NJE YA HOSPITALI

Baada ya kuhitimu alipata ufadhili wa kwenda Ufaransa, na huko alivutiwa na uuguzi wa jamii. Labda tueleze tofauti. Muuguzi wa wodini anampokea mgonjwa aliyeletwa. Kitanda kipo, maji yapo, dawa zipo kabatini, daktari yuko ukumbini. Muuguzi wa jamii anakwenda nyumbani. Anamkuta mama mwenye kifua kikuu analala chumba kimoja na watoto wanne. Anamkuta mtoto mchanga anapewa maziwa kwa chupa isiyochemshwa. Hapo hawezi kutibu mtu mmoja tu. Inabidi aiangalie nyumba nzima: hewa inaingia wapi, maji yanatoka wapi, nani anapika, nani analala na nani. Anafundisha, anarudi wiki ijayo kuona kama kilichofundishwa kimefanyika, na anafundisha tena bila kugombana na mtu.

Kuanzia 1926 mpaka 1929 Hanna alifundisha katika shule ya wauguzi ya Chuo Kikuu mjini Kraków. Kisha, kuanzia 1929 hadi 1939, alihariri jarida la kila mwezi la wauguzi, Pielęgniarka Polska, yaani Muuguzi wa Poland. Alishiriki pia katika juhudi zilizozaa sheria ya uuguzi ya mwaka 1935, iliyoweka bayana kwamba uuguzi ni taaluma yenye masharti yake, na kwamba si kila mtu mwenye aproni ni muuguzi. Mwaka 1937 alisaidia kuanzishwa kwa chama cha wauguzi Wakatoliki.

Na imani yake je? Hapa kuna jambo la kututia moyo. Hanna hakuwa mtu wa kanisani asubuhi na jioni tangu utoto. Imani yake ilikuja pole pole, kama mvua za vuli zinazoanza kwa manyunyu. Wagonjwa ndio waliomvuta, pamoja na wauguzi waumini aliofanya nao kazi. Kwa hiyo kama wewe bado unajiona uko mbali, unasali leo unaacha kesho, usikate tamaa. Huyu tunayemwita Mwenyeheri naye alipita kwenye njia ya polepole.

VITA VILIVYOCHUKUA FAMILIA

Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Poland kutoka magharibi, na wiki mbili na ushei baadaye Umoja wa Kisovieti ukaingia kutoka mashariki. Vijana wa Arusha mnaojua makaburi ya Wapolandi pale Tengeru mnajua kidogo habari za vita hivi. Wale ni watu waliong'olewa makwao na Wasovieti, wakazunguka dunia mpaka wakafikia chini ya Mlima Meru kama wakimbizi.

Nyumbani kwa akina Hanna msiba ulibisha hodi mapema. Tarehe 6 Novemba 1939 Wajerumani waliwaita maprofesa wa Kraków kwenye mkutano chuoni, eti kuna mhadhara. Kumbe ulikuwa mtego. Zaidi ya watu 180 walikamatwa palepale, baba yake Hanna akiwa mmojawapo. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen karibu na Berlin, akafia huko Januari 1940. Mwaka huo huo kaka yake, Bohdan, aliyekuwa ofisa wa jeshi, aliuawa na Wasovieti katika mauaji ya Katyn, ambamo maelfu ya Wapolandi walipigwa risasi. Na shangazi Zofia, yule wa hospitali ya watoto, alifariki mwaka 1939.

Yaani ndani ya miezi michache tu Hanna alipoteza watu wa karibu kutoka pande zote mbili za vita. Mwingine angejifungia ndani, na nani angemlaumu? Hanna alijiunga na kamati ya misaada ya Kraków, akapewa kazi ya kuwahudumia waliofukuzwa makwao na wakimbizi waliomiminika mjini. Treni zilifika zimejaa watu wenye baridi, njaa na chawa. Ilibidi watafutiwe mahali pa kulala, chakula, nguo, dawa. Watoto waliobaki peke yao walitafutiwa familia za kuwalea, wakiwemo watoto wa Kiyahudi, ambao kuwaficha peke yake kulikuwa hatari ya kifo.

Ni katika miaka hii imani ya Hanna ilitia mizizi. Hakuwa na muda wa kukaa na kufikiri sana juu ya mateso. Alikuwa na orodha ya watu na siku haikutosha. Lakini alianza kuishika Misa kama mtu anavyoshika mkono wa mwenzake gizani.

MLANGO MMOJA UNAFUNGWA

Vita vilipokwisha mwaka 1945 Hanna alirudi kufundisha. Alisimamia idara ya uuguzi wa jamii katika shule ya wauguzi ya Chuo Kikuu Kraków. Mwaka 1946 alikwenda Marekani kwa masomo, akarudi mwaka uliofuata akiwa ameona jinsi huduma ya wagonjwa majumbani inavyopangwa kule. Wanafunzi wake hakuwaacha wakae darasani tu. Aliwatoa kwenda kwenye nyumba za watu. Alitaka wajue kutengeneza kitanda cha mgonjwa asiyeweza kuinuka, katika chumba chenye baridi, maji yakiwa yamepashwa kwenye jiko la makaa. Kwa sababu huko ndiko wagonjwa wengi walikokuwa. Baadaye aliandika kitabu cha kufundishia uuguzi wa nje ya hospitali.

Lakini nchi ilikuwa imebadilika. Poland sasa ilitawaliwa na Wakomunisti. Serikali haikutaka Kanisa liwe na mkono katika huduma za jamii. Mwaka 1950 ilitwaa shirika la Caritas kutoka mikononi mwa Kanisa, na masista wakaendelea kuondolewa hospitalini. Muuguzi aliyesali waziwazi alitazamwa kwa jicho la pembeni. Hanna hakuficha imani yake. Mwaka 1956 akawa oblata wa Wabenediktini wa abasia ya Tyniec, nje kidogo ya Kraków. Oblata ni mtu anayebaki uraiani na kazi yake, lakini anaishi kwa roho ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Hao ni Wabenediktini ambao sisi tunawajua kwa Peramiho, Ndanda na Hanga. Na wanaojua Peramiho na Ndanda wanajua pia kwamba abasia na hospitali viko jirani. Benedikto aliagiza wagonjwa watunzwe kabla ya mambo mengine yote, kana kwamba ni Kristo mwenyewe anayehudumiwa.

Mwaka 1957 Hanna aliwekwa kuwa mkuu wa shule ya wauguzi wa magonjwa ya akili huko Kobierzyn. Mwaka mmoja tu, wakubwa wakaifunga shule. Hanna akastaafu kabla ya wakati wake. Alikuwa na miaka 55, uzoefu wa zaidi ya miaka 30, na hakuna ofisi.

Jamani, wangapi wetu tumeshawahi kufungiwa mlango namna hiyo? Umesoma, umejiandaa, halafu mtu asiyekujua anapiga muhuri na mambo yanaishia hapo. Hanna angeweza kukaa nyumbani na hasira zake, na hasira hizo zingekuwa za haki. Lakini yeye alikuwa ameshaanza kuona kazi nyingine, ambayo haikuhitaji muhuri wa serikali.

PAROKIA KAMA WODI

Kwa miaka mingi ya kutembelea nyumba za watu Hanna alikuwa ameona jambo linalomuumiza. Hospitali zilikuwepo, zahanati zilikuwepo. Lakini mgonjwa asiyeponeka, hospitali inamrudisha nyumbani. Mzee aliyepigwa na kiharusi, mama aliyepooza viungo, kijana mwenye ulemavu ambaye wazazi wamezeeka. Hao hawakuwa kwenye orodha ya mtu. Kraków ni mji wa zamani, nyumba zake ndefu zina ngazi nyembamba. Mtu asiyeweza kushuka ngazi anabaki juu huko. Mwezi unakuwa mwaka, mwaka unakuwa miaka. Tunamkumbuka yule mtu wa kwenye birika la Bethzatha katika Injili ya Yohane, aliyekaa na ugonjwa miaka 38 na shida yake kubwa ikawa kwamba hana mtu wa kumsogeza kwenye maji.

Hanna akafikiri: kuna taasisi moja ambayo ipo kila mtaa, na ambayo kazi yake ni kumjua kila mtu kwa jina. Ni parokia. Kwa nini parokia isiwe na wauguzi wake? Wazo hilo alilipeleka kwa padre mmoja kijana ambaye wakati ule alikuwa bado hajulikani sana nje ya Kraków: Karol Wojtyła. Ndiyo, ndiye huyo huyo Mtakatifu Yohane Paulo II. Aliliunga mkono tangu mwanzo. Paroko wa Kanisa la Mtakatifu Maria pale uwanja mkuu wa mji, Padre Ferdynand Machay, akafungua mlango wa parokia yake. Hivyo, kuanzia mwaka 1957, uuguzi wa kiparokia ukaanza, kidogo kidogo na bila matangazo. Kutoka parokia hiyo ukaenea kwenye parokia nyingine za mji.

Ulifanyaje kazi? Kwanza, kutafuta. Hanna na wenzake walipanda ngazi, wakabisha milango, wakauliza majirani. Pili, kupima hali: mgonjwa huyu anahitaji nini hasa, na nani yuko naye. Tatu, kugawana kazi. Kazi ya kitaalamu ilifanywa na muuguzi aliyesomea. Masista, wanafunzi wa chuo na watu wa kujitolea walifanya kazi zinazofundishika: kupika, kufua, kusafisha chumba, kukaa na mgonjwa ili mtunzaji wake apate kulala. Mgonjwa hakutozwa pesa, na hakuulizwa kama anakwenda kanisani ndipo ahudumiwe.

Hapo kwenye utaalamu Hanna hakuwa na mchezo. Fikiria kidonda cha mgongoni cha mtu aliyelala muda mrefu. Kinatokea kwa sababu uzito wa mwili unaminya ngozi sehemu ile ile, damu haipiti, na nyama inaanza kufa. Mwanzoni ni wekundu tu. Usipogundua, baada ya siku chache ngozi inafunguka, na mwisho kidonda kinafika mpaka mfupani. Kinga yake si ya ajabu: mgeuze mgonjwa kila baada ya saa mbili hivi, mweke kavu, nyoosha shuka lisiwe na mikunjo, angalia mgongo, nyonga na visigino, mpe chakula chenye nguvu. Ni mambo madogo, lakini yanahitaji mtu anayeyajua na anayerudi. Ukienda kwa mgonjwa wa namna hiyo ukasali rozari nzima, ukaondoka bila kumgeuza, umemwacha na sala na kidonda. Hanna alitaka mgonjwa apate vyote viwili, na kwa kawaida beseni la maji lilitangulia. Baada ya kuoshwa, kubadilishiwa nguo na kulala vizuri, mgonjwa mwenyewe mara nyingi ndiye aliyeuliza habari za padre.

Basi mapadre walikuja. Watu waliokuwa hawajapokea Ekaristi kwa miaka mingi walipokea Kitubio, Mpako wa Wagonjwa na Komunyo. Misa zilianza kuadhimishwa vyumbani mwa wagonjwa, meza ya kulia chakula ikawa altare. Wojtyła alipokuwa askofu aliendelea kuwatembelea wagonjwa hao, akakaa pembeni ya vitanda vyao. Vijana, mnajua kwamba baadaye akiwa Papa ndiye aliyeanzisha Siku ya Wagonjwa Duniani, inayoadhimishwa kila tarehe 11 Februari. Miaka mingi kabla ya hapo alikuwa ameshazipanda ngazi za Kraków.

KUTOKA NJE TENA

Katika miaka ya 1960 Hanna alipata wazo ambalo wengine waliona ni gumu mno: kuwapeleka wagonjwa kwenye mafungo. Si padre kuja nyumbani tu, hapana. Wagonjwa wenyewe watoke, wasafiri, walale mahali pengine, wasali pamoja, wacheke pamoja. Mahali palipatikana Trzebinia, mji mdogo magharibi ya Kraków, kwenye nyumba ya watawa Wasalvatoriani.

Sasa piga picha. Mama ambaye hajaona barabara kwa miaka kadhaa. Ngazi nyembamba. Vijana wa seminari, mafrateri, pamoja na wanafunzi wa chuo, wanambeba na kiti chake mpaka chini, wanampandisha kwenye gari. Tunajua picha hii tayari. Ni ile ya Injili ya Marko, ya wale watu wanne waliotoboa paa ili rafiki yao aliyepooza afike mbele ya Yesu. Na Injili inasema wazi kwamba Yesu aliitazama imani ya wabebaji. Mafungoni wale watu walikutana na wengine wenye hali kama yao. Wakaanza kuandikiana barua. Mtu aliyejiona mzigo akakuta kuna mwenzake anayemwombea, na yeye akaanza kumwombea mwenzake. Hapo ndipo Hanna alipotaka wafike: mgonjwa asiwe wa kupokea tu, awe pia mwenye kutoa.

Aliandaa pia maswali ya kutafiti dhamiri kwa ajili ya wauguzi, kwa sababu aliona mtu anaweza kufanya kila kitu sawasawa kwa mikono na huku moyo wake umeshamchoka mgonjwa. Mwaka 1965 Papa Paulo VI alimtunuku nishani ya Pro Ecclesia et Pontifice.

ZAMU YAKE KITANDANI

Mwaka 1966 madaktari walimkuta Hanna na saratani. Alifanyiwa upasuaji, akarudi kazini. Aliendelea kupanga zamu za wauguzi, kupiga simu, kupanda ngazi pale miguu iliporuhusu. Ugonjwa ukasambaa. Na yule aliyewageuza wengine kitandani ikafika zamu yake kugeuzwa.

Tusiruke haraka sehemu hii. Kwa mtu aliyezoea kutoa huduma, kupokea ni kugumu kuliko tunavyodhani. Unaona kila kosa la anayekuhudumia. Unaona aibu. Hanna aliipokea hali hiyo bila kuifanya tamasha. Alifariki tarehe 29 Aprili 1973 mjini Kraków. Kardinali Wojtyła aliongoza mazishi yake, na akazikwa katika makaburi ya Rakowicki.

Wauguzi wa Kraków hawakumsahau. Walei wenyewe, hasa wauguzi, ndio walioomba Kanisa lichunguze maisha yake, na mwaka 1998 kesi ya kumtangaza ikafunguliwa. Mwaka 2015 Papa Fransisko alitambua fadhila zake za kishujaa, na mwaka 2017 muujiza uliofanyika kwa maombezi yake. Mwaka 2016 masalia yake yalihamishiwa Kanisa la Mtakatifu Nikolao mjini Kraków. Tarehe 28 Aprili 2018 Kardinali Angelo Amato, kwa niaba ya Papa, alimtangaza kuwa Mwenyeheri katika madhabahu ya Huruma ya Mungu, Łagiewniki. Kesho yake ilitimia miaka 45 tangu kifo chake.

SISI JE?

Vijana, sisi tuna kitu ambacho Hanna angekifurahia sana: Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Tunakutana kila wiki nyumba kwa nyumba. Tunajuana. Lakini tujiulize kwa ukweli: tunapopokezana nyumba, kuna nyumba gani tunairuka kila mara, eti pale kuna mgonjwa, tusiwasumbue? Hapo ndipo pa kuanzia.

Tuchukue mambo matatu kutoka kwake.

Moja, tafuta. Wiki hii waulize viongozi wa jumuiya yako: nani alikuwa anasali nasi na siku hizi hatumwoni? Usiridhike na jibu la kwamba anaumwa. Uliza anaumwa nini, yuko na nani, na mara ya mwisho alipokea Komunyo lini.

Mbili, jifunze. Katika parokia nyingi kuna muuguzi, kuna mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii, kuna sista wa zahanati. Mwombeni awafundishe vijana kwa siku moja: kunawa mikono, kumgeuza mgonjwa, kumlisha bila kumpalia, kujua ni dalili ipi inatakiwa kukimbizwa hospitali. Na kama wewe unasomea uuguzi, soma kweli. Usiku unaokesha kabla ya mtihani ni sehemu ya wito wako.

Tatu, mkumbuke anayetunza. Nyuma ya kila mgonjwa wa nyumbani kuna binti, mke, au bibi ambaye hajalala vizuri kwa miezi. Msiende watu 20 kuimba nyimbo tatu na kuondoka. Nendeni wawili, mwambieni mama akapumzike saa tatu, nyie mpo. Mteke maji, mfue, mkae. Halafu mrudi wiki ijayo. Kurudi ndiko kunakomwambia mgonjwa kwamba hamkuja kumwangalia tu.

Kuna siku kila mmoja wetu atahitaji kugeuzwa. Yesu alishatueleza, katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo, kwamba tutaulizwa kama tulikwenda kumwona alipokuwa mgonjwa. Hanna alilichukua swali hilo kama anwani. Akavaa viatu, akaenda.

Tusali:

Ee Bwana Yesu, uliyewagusa wagonjwa kwa mikono yako mwenyewe, tunakushukuru kwa maisha ya Mwenyeheri Hanna. Wabariki wauguzi wote, hasa wale wanaotembea kwa miguu kwenda kwenye nyumba za wagonjwa. Wape nguvu wanaowatunza wazazi wao waliolala kitandani. Utuondolee uvivu na aibu, utupe macho ya kuwaona waliofichika, mikono yenye ujuzi, na moyo wa kurudi tena kesho. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Mwenyeheri Hanna Chrzanowska, utuombee.